Cannavaro yupi? Gumzo la kikundi cha ukoo

Baba Nasra: [picha]

Baba Nasra: Nimeikuta hii kwenye simu ya fundi leo. Berlin 2006, fainali ya Kombe la Dunia, Cannavaro kanyanyua ndoo. Mwaka huohuo akapewa na mpira wa dhahabu, Ballon d'Or, ya mchezaji bora wa mwaka. Mi mpaka leo najiuliza, beki alipewa kwa lipi hasa

Kaka Tabata: Wikiendi imeanza 😂

Feisi: Si yule aliyekuwa meneja wa Yanga? Kumbe alichezea na Italia??

Mama Nasra: Feisi jamani 😭😭😭

Kaka Tabata: Nimeangua kicheko mpaka konda kageuka

Mjomba Maskati: Nani amemlea huyu mtoto

Mama Nasra: Dadako, Mjomba

Mjomba Maskati: Feisi mwanangu njoo hapa. Yule wetu anaitwa Nadir Haroub, mtoto wa Unguja, Cannavaro ni jina la kubandikwa, watu walimuona anavyokaba wakasema huyu ndo Cannavaro wetu likaganda hivyohivyo, hata leo ukiita Nadir barabarani sidhani kama atageuka haraka. Kapiga Yanga zaidi ya miaka 10, kavaa kitambaa cha nahodha pale na Taifa Stars pia, kastaafu 2018. Huyu wa kwenye picha ndo mwenye jina. Fabio, mtoto wa Napoli, kazaliwa 1973

Feisi: Daah

Kaka Tabata: Na Nadir msimpite hivihivi. Machi mosi 2014, uwanja wa Taifa, Al Ahly ya Misri wamekuja ndo mabingwa wa Afrika, mechi inaelekea mwisho 0-0, beki kapanda kapiga kichwa, 1-0. Nilikuwepo, nilitoka bila sauti

Baba Nasra: Malizia na stori ya Misri

Kaka Tabata: Penati. Kutolewa na bingwa wa Afrika kwa penati nayo ni aibu?

Baba Nasra: Utopolo maneno hamkosi

Mama Nasra: Simba na Yanga pelekeni kwenye kikundi chenu, humu kuna watu wazima

Baba Nasra: Haya turudi kwenye hoja. 2006 Ronaldinho kabeba La Liga na klabu bingwa Ulaya. Henry kaifikisha Arsenal fainali na Ufaransa fainali. Kipa Buffon yupo palepale nyuma ya huyohuyo Cannavaro. Halafu kura zinahesabiwa Cannavaro 173, Buffon 124, Henry 121. Wala haikuwa jirani. Mashindano yenyewe mwezi mmoja tu, mtu anapewa mwaka mzima?

Kaka Tabata: We takwimu hizo umezihifadhi kwa hasira tu

Baba Nasra: Nina miaka nazo kifuani

Mjomba Maskati: Mkwe nakujibu taratibu, nimemaliza kula. Shida yenu mnamjua Cannavaro wa mwezi mmoja, Juni mpaka Julai, ndo maana mnaona kama kaokota. Yule mtu alitengenezwa Parma. Miaka 7, kuanzia 1995 mpaka 2002. Napoli walikuwa hawana hela wakamuuza, kijana wa nyumbani kabisa, aliyekuwa anaokota mipira pembeni ya uwanja siku Italia inatolewa na Argentina ya Maradona palepale Napoli, nusu fainali ya 1990. Inasimuliwa hata Maradona mwenyewe alikuwa anamtia mguu mazoezini, viongozi wakawa wanamgombeza, Maradona anasema muacheni dogo

Mjomba Maskati: Sasa Parma ile nyuma golini Buffon, ndo kijana anaanza. Mabeki Thuram, Sensini na huyu. Mei 1999 wakaenda Moscow fainali ya Kombe la UEFA wakampiga Marseille 3-0, Crespo, Vanoli, Chiesa, mechi ilikuwa imeisha mapema sana. Msimu huohuo na Kombe la Italia. Timu ya mji mdogo tu, mwenye hela ni kampuni ya maziwa. Mi nilikuwa nishahamia huku Maskati, tuna chumba tunakaa wanne, ligi ya Italia ndo burudani yetu, na wenzangu wote wanamwangalia Crespo

Feisi: Na we ulikuwa unamwangalia nani

Mjomba Maskati: Mi nilikuwa namwangalia huyu mfupi. Hafiki hata mita 1.80, beki wa kati! Ligi yenyewe ina Batistuta, ina Vieri, mtu kama kabati. Nikawa najiuliza huyu leo ataumbuka saa ngapi. Haumbuki

Baba Nasra: Mjomba unamsifia au unatuhadithia

Mjomba Maskati: Subiri bana. Straika akipokea mpira kaupa goli mgongo, beki mwingine anamgandama, kifua kwenye mgongo, anasukumwa anasukumana, refa anapiga filimbi. Cannavaro hamgandami. Anakaa nusu hatua pembeni ya bega, anachungulia anayetoa pasi. Yule akishusha tu mguu kuupiga, huyu keshatoka, kapita mbele ya straika, mpira anaukuta yeye. Straika anageuka analalamika na hajaguswa. Na mpira wa juu vilevile, alikuwa anapaa mapema, mwenzake ndo kwanza anakunja magoti. Ukiwa mfupi huwezi kusubiri, maana mkisubiri wote wawili yule mrefu anashinda

Feisi: Mjomba sasa hapo umenigusa. Mi shuleni nacheza namba 5, kocha juzi kaniambia mwakani niende pembeni namba 2, eti kwa kimo changu mipira ya kona itanimaliza

Mama Nasra: Hukuniambia

Feisi: Ungeenda kuongea naye dada, nakujua

Mama Nasra: 😂 ningeenda kweli

Kaka Tabata: Dogo namba 2 mbona raha, unapanda unakrosi

Feisi: Sitaki kukrosi mi nataka kukaba

Mjomba Maskati: Huyo damu yangu

Bibi: [voisi 0:52]

Mama Nasra: Kwa mlio kwenye daladala: Bibi anauliza huyo wa kwenye picha ndo aliyepigwa kichwa cha kifua na yule mwenye upara, na kama alipona

Kaka Tabata: 😂😂😂😂

Mjomba Maskati: Hapana Mama, aliyepigwa ni mwenzake, Materazzi. Alipona. Mpigaji, Zidane, ndo alitolewa na kadi nyekundu, mechi yake ya mwisho ya maisha

Bibi: [voisi 0:09]

Mama Nasra: Anasema alimtukana nini

Baba Nasra: Bibi anauliza ya maana kuliko nyie wote

Shangazi Mhazini: Hamjambo nyote. Naona leo mpo hewani wengi kweli. Mchango wa arusi mwisho Jumapili, wameshatoa ni walewale wa siku zote. Baba Nasra kwenye mpira tunakuona, kwenye mchango hatukuoni

Baba Nasra: Shikamoo Shangazi. Natuma kesho asubuhi

Shangazi Mhazini: Marahaba. Ya kesho ulisema na juzi. Endeleeni

Kaka Tabata: Beki kisiki huyo Shangazi, hapiti mtu

Kaka Tabata: Haya sasa mi niseme ya 2006, maana Mjomba alikuwa Maskati kwenye umeme wa uhakika. Sisi huku ni mwaka ule wa mgao. Nusu fainali ya Italia na Ujerumani nimeiangalia banda umiza Magomeni, jenereta linaunguruma mlangoni, watu kama dagaa. Dakika 90 zimeisha 0-0, mwenye banda kasimama na bakuli anasema wazee mafuta hayafiki dakika za nyongeza, changeni la sivyo mkasikilize redioni. Watu walichanga hawajawahi kuchanga hata msibani

Shangazi Mhazini: Nimeona hiyo

Kaka Tabata: Samahani Shangazi

Kaka Tabata: Basi saa sita usiku imeshapita, Dortmund pale Mjerumani alikuwa hajawahi kufungwa, kila mtu anasubiri penati. Dakika ya 119 Grosso anafunga, banda linataka kuanguka. Mjerumani anajaa mbele wote. Mpira unaingia kwenye boksi, Cannavaro anautoa kwa kichwa. Beki wa kawaida hapo kashamaliza kazi, anashusha pumzi. Mpira unaenda kudondokea kule nje kwa Podolski, na huyu mtu, dakika ya 120, miguu imekufa, anatoka mbio kutoka kwenye boksi lake kuufuata mpira alioutoa mwenyewe, anamnyang'anya Podolski. Totti anaukuta, anapeleka mbele kwa Gilardino, Gilardino anaubana anamsubiri mtu, Del Piero anatokea kushoto kauweka juu kona ya mbali. 2-0, Mjerumani kalala chini. Watu wanashangilia Del Piero, kuna mzee mmoja pembeni yangu anapiga kelele peke yake "namba 5! namba 5!" yaani Cannavaro, nikamuona kama kachanganyikiwa

Mjomba Maskati: Yule mzee ningempa binti

Mama Nasra: Mjomba huna binti

Baba Nasra: Nakubali tukio lile zuri. Tukio moja

Mjomba Maskati: Moja? Mechi 7, dakika 690, kacheza zote, hata kadi ya njano hana. Beki wa kati! Italia nzima wamefungwa mabao 2 tu, moja Zaccardo kajifunga dhidi ya Marekani, la pili penati ya Zidane kwenye fainali. Maana yake hakuna straika wa timu pinzani aliyewafunga kwa mpira wa kawaida mwezi mzima. Na Nesta aliumia kwenye mechi ya tatu, akaingia Materazzi, naye akala nyekundu kwa Australia, akaingia Barzagli. Wa pembeni yake wanabadilika kama abiria, yeye yupo palepale. Fainali yenyewe ndo mechi yake ya 100 timu ya taifa

Baba Nasra: Na golini alikuwa nani Mjomba? Taja jina

Mjomba Maskati: 🙄

Baba Nasra: Buffon! Basi mpeni Buffon

Mama Nasra: Baba Nasra, kipa kapewa mmoja tu tangu dunia iumbwe, Yashin 1963. Mabeki wenyewe watatu: Beckenbauer, Sammer, na huyu. Sammer na Beckenbauer walikuwa wanapanda na mpira mpaka kati wanapanga timu, kwa hiyo ukiniuliza mi beki wa kukaba kabisa, anayekaa nyuma akafanya kazi chafu, ni Cannavaro peke yake. Na baada yake hamna. Van Dijk 2019 kakosa kwa pointi 7 kwa Messi. Mi nadhani walimpigia kura kwa sababu lile Kombe la Dunia halikuwa na straika aliyetisha, basi, kwa mara moja watu wakaangalia nyuma

Kaka Tabata: Mama Nasra leo umekunywa nini

Mama Nasra: Nimeolewa na huyu, nimesikia hii hoja kila mwaka

Baba Nasra: 😂 ila jamani hamtaji na mabaya. Juventus je? Makombe mawili ya ligi 2005 na 2006 yamefutwa

Mjomba Maskati: Hilo kweli na linauma, maana pale ndo alirudi. Inter walikuwa wamemchoka, kaumia mguu, 2004 wakambadilisha na kipa wa Mruguai, Carini, kipa wa akiba! Yaani kama mtu kabadilisha ng'ombe kwa jogoo. Kafika Juve kawakuta Buffon na Thuram, Parma nzima imehamia Turin, na kocha Capello benchi. Wakabeba ligi mara mbili, halafu ikaja kashfa ya viongozi na marefa. Fikiria sasa, Julai 9 wako Berlin fainali, uwanjani siku ile watu 8 wa Juventus, watano Italia, watatu Ufaransa, Thuram rafiki yake yuko upande wa pili, Trezeguet aliyegonga mwamba kwenye penati ni wa Juve pia. Siku 5 baadaye hukumu inatoka, timu yao inashushwa daraja. Bingwa wa dunia hana klabu ya maana ya kurudi

Feisi: Akaenda wapi

Mjomba Maskati: Real Madrid, na Capello huyohuyo, na Emerson wa Juve. Kabeba ligi mara mbili mfululizo

Baba Nasra: Na huko alipigiwa miluzi Mjomba, sema na hilo. Madrid walikuwa wanaona wamenunua mpira wa dhahabu wanapata beki wa miaka 33 anakimbizwa na mawinga

Mjomba Maskati: Sikatai. Italia anacheza na timu imekaa pamoja, mbele yake Gattuso. Madrid mabeki wa pembeni wote wamepanda, katikati hamna mtu, unaachwa na uwanja wa nusu heka na vijana wenye mbio. Kusoma mchezo kunataka pasi itokee mahali unapopaona, pale ilikuwa inatokea popote

Mama Nasra: Na Wanapoli hawajamsamehe kwa Juve. Kwenda mara ya kwanza walimeza, 2009 akarudi tena hukohuko, na mdogo wake Paolo anacheza Napoli wakati huo. Hiyo ni kama mtoto wa Jangwani aende Msimbazi, arudi, aende tena

Kaka Tabata: Astaghfirullah

Baba Nasra: 2010 Afrika Kusini sasa. Nahodha wa mabingwa watetezi. Sare na Paraguay, sare na New Zealand, wakapigwa 3-2 na Slovakia, wa mwisho kwenye kundi. Goli la New Zealand lenyewe limepita kwake, kashindwa kuutoa ukamdondokea straika

Mjomba Maskati: Alikuwa na miaka 36. Alitakiwa aishie 2008, ila na 2008 kwenyewe kaumia mazoezini kabla Euro haijaanza, kagongana na Chiellini, akaikosa yote. Mi nadhani hilo ndo lililomfanya ang'ang'anie mpaka 2010, hakutaka kutokea kwenye machela. Kafika mechi 136 za taifa, kampita Maldini, Buffon ndo alikuja kuzipita

Mjomba Maskati: Halafu nyie hamjui kama nilimuona kwa macho yangu

Feisi: WAPI

Mjomba Maskati: Dubai. Alimalizia Al Ahli ya pale, msimu wa 2010 kwenda 2011. Tulikodi gari watu watano kutoka Maskati, mpakani tumekaa foleni mpaka nikajuta. Uwanjani watu wachache, joto, mpira wenyewe taratibu. Nikakaa upande wa safu yake ya nyuma kipindi cha kwanza. Nakwambia hakukimbia. Alikuwa anaongea tu, mkono haushuki, anamnyooshea huyu kidole asogee, anamvuta yule jezi, mpira uko upande wa pili kabisa yeye anapanga watu. Mara moja tu mpira ulipenyezwa nyuma, mabeki wake wote wakageuka kukimbia, yeye alikuwa kashasimama pale unapoenda. Akautuliza, akaupasia kipa, akamgombeza beki wa kulia kwa Kitaliano. Yule kijana Mwarabu kaitikia kwa kichwa, sijui kaelewa nini

Kaka Tabata: 😂😂

Mjomba Maskati: Julai 2011 goti likamshinda, madaktari wakamwambia basi. Sasa hivi kocha. China alibeba ligi 2019 na Guangzhou, huko Italia na Croatia hakukaa sana, 2025 kachukua timu ya taifa ya Uzbekistan, walikuwa wameshafuzu Kombe la Dunia mara ya kwanza

Baba Nasra: Ukocha wake tusiuzungumzie, ni siku ya furaha

Shangazi Mhazini: Baba Nasra nimekaa na simu mkononi

Baba Nasra: Shangazi natuma sasa hivi basi, nilikuwa najadili

Shangazi Mhazini: Imeingia. Ahsante. Pungufu elfu 10

Kaka Tabata: Kakabwa mpaka kwenye boksi 😂😂😂

Feisi: Mjomba nimeitafuta ile ya Dortmund nimeirudia hapa

Mjomba Maskati: Eeh, umeona nini

Feisi: Nilidhani anamnyang'anya Podolski mpira. Hamnyang'anyi. Anaanza kutoka Podolski hata hajaugusa, mpira bado uko hewani. Podolski ndo kachelewa

Mjomba Maskati: Umeiona hiyo peke yako?

Feisi: Ndio. Ila sa kwenye kona inakuwaje, maana kocha kasema kona

Mjomba Maskati: Kona kesho nakupigia kwa video, tafuta mtu akurushie mpira kwa mkono, sio kwa mguu. Na viatu vyako saizi ngapi siku hizi

Feisi: 41 🙏🙏

Baba Nasra: Viatu sawa. Ila ule mpira ulikuwa wa Buffon

Mama Nasra: Zima data uje ufunge geti